Wiki 10 za kozi ya udhaifu wa mifumo: uzoefu wangu

Ripoti ya kwanza ya skana, yaani programu inayopekua mtandao kutafuta udhaifu, niliyowahi kukabidhiwa kazini ilikuwa na kurasa 62. Mimi ni afisa TEHAMA wa SACCOS moja mjini Tanga, na kitengo chetu kina watu wawili. Nilianza kurekebisha kutoka ukurasa wa kwanza kwenda mbele kwa sababu sikujua pengine pa kuanzia. Miezi mitatu baadaye nilikuwa bado ukurasa wa 11, na ripoti mpya imeshatoka, ndefu kuliko ile ya mwanzo.

Ndipo nikajiandikisha kozi ya utangulizi ya kusimamia hatari ya udhaifu wa mifumo, inayofundishwa na chuo kikuu kimoja hapa nchini kwa watu walio kazini. Ni wiki 10: vipindi vya Jumatano jioni kwa mtandao, na Jumamosi mbili za kukutana chuoni. Nimeimaliza mwezi uliopita. Naandika haya kwa mwenzangu anayepiga hesabu kama atoe ada au aache.

Nilidhani tutaanza na skana. Mhadhiri akatukatalia. Wiki mbili za mwanzo tulifanya jambo moja tu: kuandika orodha ya kila kifaa kilichounganishwa na mtandao wa ofisi zetu, nani anakitumia, kina taarifa gani, na kikizimika kazi ipi inasimama. Wengi tulinung'unika. Mimi nilikuwa na orodha tayari kwenye kompyuta, nikaona napotezewa muda, lakini nikachukua daftari nikazunguka.

Chini ya kaunta ya keshia wa pili, nyuma ya maboksi ya vitabu vya stakabadhi, nikakuta mashine ya kurekodi kamera za ulinzi. Ina vumbi, feni inalia, na waya wake umechomekwa kwenye swichi ya mtandao ileile ya kompyuta za makeshia. Kwenye orodha yangu haikuwamo. Nikajaribu kuingia kwa nywila iliyobandikwa kiwandani chini ya mashine yenyewe, ikafunguka. Fundi wa kamera alikuwa ameifungulia njia ya kutoka nje, kupitia ruta, ili picha zionekane kwenye simu. Maana yake ni kwamba mtu yeyote duniani angeweza kubisha hodi hapo, na akiingia anajikuta amekaa na makeshia. Kilikuwa kifaa hatari kuliko vyote ofisini, na kurasa zote 62 hazikukitaja, kwa sababu skana hupita pale ulipoielekeza. Kwangu, zoezi hilo moja lilirudisha ada yote.

Baadaye mhadhiri alitusomesha kisa cha Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, nikakielewa kwa uchungu. Kiraka, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu, cha Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, kilitoka Machi 2017. Ndani ya kampuni watu waliambiana kiwekwe haraka, skana ikapigwa, haikuona kitu. Mfumo wenye tatizo ulikuwepo muda wote huo. Kufikia Mei wadukuzi walikuwa ndani, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaondoka.

Moyo wa kozi, kwa maoni yangu, ni wiki ya nne na ya tano: namna ya kupanga kipi kianze. Kila udhaifu unaotangazwa hupewa namba ya CVE, utaratibu uliopo tangu 1999, na mwaka 2024 pekee zilitoka takriban 40,000. Halafu kuna alama za CVSS, kutoka 0 hadi 10, ambapo 9 na kuendelea ni nyekundu ya mwisho. Mimi nilikuwa nazifuata alama hizo kama mwanafunzi anavyofuata matokeo ya mtihani: kubwa kwanza, ndogo baadaye. Mhadhiri akatuonyesha Heartbleed, udhaifu uliotangazwa Aprili 2014 ndani ya OpenSSL, programu ya kuficha mawasiliano ya tovuti yasisomwe na wengine, uliomwezesha mtu wa nje kunyofoa vipande vya kumbukumbu ya seva vikiwa na nywila na funguo za siri. Dunia nzima ilihangaika nao. Kwa mizani ya wakati ule ulipewa 5.0. Darasa lilinyamaza kidogo.

Kumbe alama inapima ukali wa udhaifu wenyewe. Haijui uko kwenye mashine gani ya nani. Ili kupata hatari yenyewe lazima uongeze maswali. Je, kuna wadukuzi wanaoutumia sasa hivi? Hapo tulifundishwa kusoma orodha ya KEV ya CISA, taasisi ya serikali ya Marekani, iliyoanza Novemba 2021 na inayotaja udhaifu uliothibitika kutumiwa, pamoja na alama za EPSS, zinazokadiria uwezekano wa kila udhaifu kutumiwa ndani ya siku 30 zijazo. Zote mbili ni za bure na ziko wazi kwa kila mtu, na kwa miaka minne ya kazi sikuwa nimezifungua hata siku moja. Je, mashine inafikika kutoka nje? Ikianguka, ni wanachama gani watakosa fedha zao?

Hapa pana jambo lililonisumbua: masomo yote ni kwa Kiingereza, na mifano karibu yote ni ya huko nje. Kikundi chetu cha WhatsApp kikawa darasa la pili. Mama mmoja wa Muheza, mwenye kazi kama yangu hospitalini, ndiye aliyetunyooshea tofauti ya udhaifu, tishio na hatari. Alisema: paa linavuja, huo ni udhaifu, masika yanakuja, hilo ni tishio, sasa uliza chini ya tundu kuna nini. Kama ni ua mtupu, weka ndoo uendelee na kazi. Kama ni magunia ya mahindi ya mwaka mzima, panda juu leo. Tangu siku hiyo sikuchanganya tena, na natamani chuo kingeanza na maelezo ya namna hiyo.

Zoezi kubwa lilikuwa hili: unapewa ripoti yenye mistari 180, watu watatu na usiku mbili za matengenezo kwa mwezi. Chagua, kisha mwandikie meneja ukurasa mmoja. Wa kwangu ulirudi na swali moja kwa wino mwekundu: "Jumatatu asubuhi meneja afanye nini?" Nilikuwa nimejaza namba na vifupisho. Nikaandika upya kwa Kiswahili, mistari kumi na mitano.

Nilipomaliza kozi nikafanya hivyo kazini kweli. Nikaingia kwa meneja wetu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo umeleta karatasi moja tu?" Nikamweleza kuhusu kamera, na kuhusu kompyuta ya mhasibu inayoendesha programu ya zamani juu ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Programu ile haikubali mfumo mpya, na ya kununua haimo kwenye bajeti ya mwaka huu. Zamani ningebaki kulalamika. Safari hii nilimpa njia tatu na bei ya kila moja. Akachagua kuitenga kompyuta hiyo kwenye mtandao wake peke yake, isiguse intaneti, na akatia saini kwamba hatari iliyobaki anaijua na anaikubali hadi bajeti ijayo. Ile saini ni ulinzi wangu pia.

Sasa lawama, na hii ni nzito. Maabara ya mtandaoni ilikuwa mbovu. Kati ya wiki ya sita na ya nane ilifunguka mara mbili tu. Tukaambiwa tushushe faili tufanyie mazoezi kwenye kompyuta zetu: gigabaiti tisa, kwa bando la simu, na laptopu yenye RAM ya gigabaiti 16. Yangu ina 8. Karibu nusu ya darasa hawakufanya mazoezi ya skana kabisa, na hakuna aliyetuomba radhi. Kwa ada tuliyotoa haikuwa haki. Mtihani wa mwisho nao uliuliza maana za istilahi, ilhali kozi yenyewe ilikuwa imetufundisha kufikiri. Waliokariri wakapata alama nzuri kuliko waliofanya kazi.

Jambo jingine la kusifu, kwa ufupi: mhadhiri hakuruhusu mtu yeyote kupiga skana ofisini kwake bila kibali cha maandishi. Alitusomea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kutukumbusha kwamba kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa, hata nia yako iwe njema. Vijana wawili waliudhika. Nadhani aliwaokoa.

Kama tayari wewe ni mtaalamu wa kupima mifumo, utachoka kufikia wiki ya tatu. Kama ndiye pekee unayeitwa printa ikigoma na unayeulizwa wanachama wakishindwa kuingia, jiandikishe, lakini kabla ya kulipa waulize maabara ikoje, na wakujibu kwa maandishi. Sehemu ya pili inaanza Oktoba. Swali hilo nimeshawaandikia. Wakijibu kwamba imetengenezwa, nitalipa siku hiyohiyo.