Kuandika kwa sauti kwenye simu: yaijua lafudhi ya Kusini mwa Tanzania?

Kwa msemaji aliyekulia Mikindani, pwani ya Mtwara, akiongea Kiswahili tangu utotoni, huduma hii ya kugeuza usemi kuwa maandishi inafaa. Kwa wa Newala au Masasi, bara ya mkoa huohuo, shida inaanza kwenye r na l. Kimakonde na Kiyao havina r, hivyo aliyekulia humo husema "kolosho", na "siku ya kura" huandikwa "siku ya kula". (Ujumbe wa uchaguzi unageuka mwaliko wa pilau!) Kimakua kwa kawaida hakina b, d wala g: "bata" huweza kutoka "pata". Dh nayo huweza kuwa z, "dhana" ikawa "zana".

Kimakonde kuvuta silabi ya pili toka mwisho hakuisumbui huduma sana; Kiswahili nacho hukaza hapohapo.

Chagua Kiswahili cha Tanzania kwenye mipangilio, shika simu sentimita 15 toka mdomoni, sema sentensi fupi, kisha kagua r na l zote. Watoto waliohamia Mtwara mjini wakiwa wadogo shida hii haiwasumbui, kwani mtoto hufuata matamshi ya wenzake kuliko ya wazazi. Lakini muhtasari wa kikao cha ushirika, usiotakiwa makosa, uandike kwa vidole.