Fidla Kisumu: gredi au kufundisha mtaani?

Anayetaka kujifunza fidla Kisumu ana njia mbili. Ya kwanza ni gredi za ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London, 1 hadi 8: skeli (ngazi za noti), kusoma noti papo hapo, cheti. Nidhamu ipo, ila ada inauma.

Ya pili, kufundishana mtaani, inafanana na El Sistema, mpango wa okestra za vijana ulioanzishwa na José Antonio Abreu nchini Venezuela mwaka 1975. Nairobi, mradi wa muziki wa Ghetto Classics unaiendesha njia hii katika mtaa wa Korogocho. Anayejua kidogo humfundisha asiyejua. Mpe binti wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, mwanafunzi mdogo wa kumfundisha: atamwambia "legeza bega," kisha atagundua lake ndilo limekaza. Mtahini hakufikishi hapo. Akiwapigia wagonjwa fidla wodini, atajifunza kushusha sauti bila kuua toni.

Mimi ningeanza na ya pili. Gredi zifuate mfuko ukiruhusu.