Kadi ipi ya pointi ulipie safari za kazi huku Marekani

Aliyezoea kupewa masurufu kabla ya safari hushangaa akianza kazi huku. Kampuni nyingi hutaka ujilipie tiketi, hoteli na chakula, kisha upeleke risiti urudishiwe. Ukiruhusiwa kutumia kadi yako binafsi ya mkopo, pointi, yaani zawadi unazopata kwa kila dola unayolipa kwa kadi, kwa kawaida ni zako. Ila kabla ya kuchagua kadi, waulize watu wa uhasibu: hela hurudi baada ya siku ngapi?

Piga hesabu. Safari ya dola 1,500 kwenye kadi inayorudisha asilimia 2 inakupa dola 30. Deni hilohilo, kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, linakudai kama dola 30 kila mwezi. Mwezi mmoja tu na zawadi yote imeliwa. Tena ukibakiza deni, kadi nyingi huanza kutoza riba hata manunuzi mapya, tangu siku unayonunua. Sheria ya kadi za mikopo ya 2009 inakupa angalau siku 21 kati ya kutumiwa taarifa ya deni na tarehe ya mwisho ya kulipa, kwa hiyo mwajiri anayerudisha ndani ya wiki mbili au tatu hana shida. Anayechukua miezi miwili, mwombe kadi ya kampuni bila kuona haya, maana hapo wewe ndiye unayeikopesha kampuni, na deni liko kwa jina lako hata ikifilisika kesho.

Kama hela zinarudi kwa wakati, mimi ningezipanga kadi hivi.

1. Chase Sapphire Preferred. Ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Inatoa pointi 3 kwa kila dola ya mgahawani na 2 kwa gharama za safari, na haina makato ya kulipia nje ya nchi. Ina bima ya gari la kukodi inayotangulia bima yako mwenyewe, mradi ukodi kwa kadi hiyo na ukatae ile ya kampuni ya magari. Kinachonifanya niiweke juu, hata hivyo, ni kwamba pointi zake unaweza kuzihamishia Flying Blue, programu ya pointi ya mashirika ya ndege ya Air France na KLM. KLM inatua Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Vikao vya Chicago na Atlanta vikakuchangia nauli ya kwenda kumwona mama: hiyo ndiyo faida ninayoitaka mimi kwenye kadi. Kodi za tiketi bado utazilipa kwa hela, si kwa pointi.

2. Citi Double Cash au Wells Fargo Active Cash. Hazina ada ya mwaka na zote zinarudisha asilimia 2 kwa kila kitu. Double Cash hukupa asilimia 1 ukinunua na 1 ukilipa. Kwa anayesafiri mara mbili tatu kwa mwaka, hapa ndipo pa kuanzia. Ukitumwa Toronto, Kanada, ziache nyumbani: makato ya nje ya nchi ni asilimia 3, yaani yanazidi unachopata.

3. Capital One Venture. Maili 2 (ndivyo wanavyoziita pointi zao) kwa kila dola, popote, bila makato ya nje. Ada ni dola 95, kwa hiyo inamfaa anayevuka mipaka mara kwa mara na hataki kukariri pointi za kila aina ya duka.

4. American Express Platinum. Ada imefika dola 895, na sehemu kubwa ya inachorudisha imefungwa kwenye huduma walizozichagua wao. Kampuni haitakurudishia ada hiyo. Ningeiacha.

Masharti haya hubadilika, yasome upya siku unayoomba.

Jambo linalowaumiza zaidi wageni ni alama ya mikopo, namba ambayo wakopeshaji huitumia kukupima. Katika alama ya FICO, mojawapo ya alama hizo, takriban asilimia 30 hutokana na madeni uliyonayo, hasa ukilinganisha na kikomo cha mkopo cha kadi yako. Mwenye kikomo cha dola 3,000 akibeba dola 2,400 za kampuni, alama inaweza kushuka ingawa hana kosa. Lipa kabla taarifa ya mwezi haijafungwa. Na kama unajiandaa kuomba mkopo wa nyumba, safari za msimu huo zipitie kadi ya kampuni.

Tenga kadi moja kwa ajili ya kazi pekee, na picha ya risiti ipigwe palepale kaunta. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inataka risiti ya malazi hata yakiwa ya bei ndogo, na ya gharama nyingine kuanzia dola 75. Dai lililowasilishwa ndani ya siku 60 tangu ulipe gharama linahesabika limewahi. Aliye California ana kifungu cha 2802 cha sheria ya kazi, kinachomlazimu mwajiri kumrudishia gharama za lazima za kazi. Kitaje kwa heshima kwenye barua pepe unapofuatilia hela zako.