Springa iliyoundwa Katwe: kazi ya chuma, kazi ya breki na gharama yake

Kwa miezi mitano sasa pikipiki yangu inatembea na uma wa mbele wa springa ulioundwa kwa mkono katika karakana moja ya Katwe, hapa Kampala. Kwa kuwa watu hunisimamisha kwenye foleni wakiuliza umetoka wapi na unafaa kiasi gani, nimeona niandike tathmini kamili ya kazi hiyo. Jina la karakana sitalitaja, kwa sababu lipo kosa moja kubwa nitakalolieleza ambalo mafundi walilirekebisha bila ubishi, na nisingependa liwafukuzie wateja. Niseme mapema kwamba kazi ya chuma ilikuwa bora kuliko nilivyotarajia, na kwamba kazi ya breki, ilipotoka mikononi mwao mara ya kwanza, haikuwa salama hata kidogo.

Kwa asiyeifahamu, springa ni uma wenye jozi mbili za miguu. Miguu ya nyuma imefungwa imara kwenye shingo ya fremu na haichezi. Miguu ya mbele hupanda na kushuka, ikisukuma springi zilizo wazi chini ya usukani. Huku chini jozi hizo huunganishwa na vipande vifupi vya chuma viitwavyo roka, ambavyo ndivyo vinavyobeba ekseli. Harley-Davidson walifunga uma wa namna hii kwenye pikipiki zao kubwa hadi 1948, wakaleta uma wa mafuta mwaka 1949 kwa Hydra-Glide, kisha wakairudisha springa mwaka 1988 kwenye Softail Springer. Kuagiza springa mpya kutoka nje, ukishaongeza usafiri na ushuru, kungenigharimu zaidi ya pikipiki yenyewe, ambayo ni fremu ya Bajaj Boxer niliyoikata na kuirefusha, yenye rimu ya mbele ya inchi 19 niliyoipata sokoni Kisekka. Ndiyo maana nilikwenda Katwe.

Jambo la kwanza lililonifanya niwaamini lilikuwa bomba. Nilikuwa nimebeba bomba langu mwenyewe la kutengenezea miguu ya uma, jipya na linalong'aa, nililonunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Fundi mkuu alilikata kipande cha kiganja kwa grenda, akalipuliza vumbi, akanishika kidole gumba na kukipitisha ndani ya tundu. Nikasikia tuta jembamba lililonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. "Huu ni mshono, mzee," akasema. "Hili ni la maji. Ukilipeleka kwenye mashimo litapasukia hapa." Akanikatalia kabisa kulitumia, ingawa angeweza kunyamaza na kupokea fedha, na tukasubiri siku tisa hadi likapatikana bomba lisilo na mshono, la kipenyo cha milimita 32 na unene wa ukuta wa milimita 4. Siku tisa hizo ziliniudhi wakati ule. Sasa ninapopita juu ya matuta nikiwa na mtoto wangu nyuma, naziona zilikuwa za thamani.

Sehemu iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa roka, na hapa ndipo kila mwenye nia ya kuunda springa anapaswa kukaa na fundi wake bila haraka. Tairi la mbele hulishika njia kwa sababu linakanyaga nyuma kidogo ya mahali ambapo mstari wa shingo, kama ungeendelezwa hadi chini, ungeigusa ardhi. Umbali huo ukiwa mdogo mno, usukani huwa mwepesi na unaweza kuanza kutikisika kwa kasi hadi mkono ukashindwa kuuzuia. Ukiwa mkubwa mno, pikipiki inakuwa nzito kugeuza katika msongamano wa mjini. Kadiri roka inavyoisukuma ekseli mbele, ndivyo umbali huo unavyopungua, na watu wengi hawalijui hilo kwa kuwa roka ndefu hupendeza machoni.

Roka alizochora fundi mwanzoni zilikuwa ndefu, na zingeiweka ekseli milimita 110 mbele ya mstari wa shingo. Shingo ya fremu yangu imelala nyuzi 30 kutoka wima, na kutoka ekseli hadi sakafuni ni milimita 310 nikiwa nimekaa juu. Tulichora umbo zima kwa ukubwa wake halisi kwenye ukuta wa karakana, tukavuta uzi uliopakwa chaki kufuata shingo, tukaning'iniza timazi kutoka kwenye ekseli, kisha tukapima pale chini. Zilikuwa milimita 52 tu. Fundi alipima mara tatu, akanyamaza, akafuta roka zake kwa kiganja na kuzichora upya zikiwa fupi, zikiiweka ekseli milimita 65 mbele. Tukapata milimita 104. Uma uliotengenezwa kwa vipimo hivyo unakwenda moja kwa moja kama mshale hata kwa kilomita 80 kwa saa, na sijawahi kuhisi mtikisiko. Fundi anayekubali kufuta mchoro wake mwenyewe mbele ya mteja ni wa kushikilia.

Bushi za roka, yaani vipete ambamo pini huzungukia, zilikerezwa kutoka kwenye bronzi, na pini zake ni za milimita 16, kila moja ikiwa na njia ya grisi iliyotobolewa kwa ndani. Niliomba chuchu ya kuingizia grisi kwa kila pini, nao wakaziweka zote nne zikielekea nje, mahali ambapo pampu inafika bila kufungua gurudumu. Kazi ya mashine ya kereza katika karakana hii haina dosari, na nawashauri hata wasio na haja ya springa wapeleke bushi zao pale.

Kuhusu kuchomelea, nilidai vijiti vya aina ya 7018, ambavyo haviivumilii hewa yenye unyevu, nao wakafungua pakiti mpya badala ya kuchukua vile vilivyokuwa vimelala wazi dirishani. Kabla ya rangi, fundi kijana alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alipaka mafuta ya taa kwenye kila kiungo, akasubiri, akayafuta hadi pakakauka, kisha akapaka juu yake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuilowesha chaki, na ufa unaonekana kama mstari wa kijivu. Kiungo kimoja, chini ya sahani ya juu ya shingo upande wa kulia, kilionyesha mstari wa urefu wa ukucha. Walikisaga chote na kukichomelea upya bila kuniongezea gharama. Walinishauri pia nisikimbilie kromu, kwa sababu rangi ya kawaida hupasuka mapema na kuonyesha chuma kilichoanza kuchoka, na nikawasikiliza.

Springi tulizitoa kwenye sampo (vizuia mshtuko) za zamani: ndefu chini kwa kubeba uzito, fupi juu kwa kuzuia uma usirudi kwa kishindo. Zinatosha, ingawa bila mafuta ya kutuliza mbele hurukaruka kidogo kwenye barabara ya vumbi.

Sasa breki. Nilichukua pikipiki siku ya Jumamosi na asubuhi iliyofuata nikashika njia ya Masaka, nikikusudia kufika Kayabwe kwenye Ikweta. Kwenye mteremko mmoja karibu na Mpigi, lori lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla, nikabana breki ya mbele kwa nguvu. Mbele ya pikipiki, badala ya kushuka, iliinuka. Springi zikakakamaa kana kwamba zimegeuka vyuma vitupu, na tairi likaanza kudundadunda juu ya lami. Nilipita pembeni ya lori kwa nafasi ya mkono mmoja. Niliposimama na kuinama kutazama, nikaona kwamba mkono unaozuia sahani ya breki, ile inayobeba viatu vya breki, isizunguke ulikuwa umefungwa kwenye roka yenyewe, kwa bolti ya milimita 8 isiyo na alama yoyote kichwani, na bolti hiyo ilikuwa imepinda.

Sababu yake ni wazi ukiifikiri. Breki ya dramu inapobanwa, sahani yake hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu, na ikifungwa kwenye roka huisukuma roka ichimbe chini, hivyo huiinua pikipiki wakati ule ule uzito unapokimbilia mbele. Mkono huo unapaswa kufungwa kwenye mguu wa nyuma usiocheza, ukiwa sambamba na roka na wa urefu ule ule kutoka tundu hadi tundu, ili msukumo wa breki usiingilie springi. Nilirudi Katwe taratibu kwa breki ya nyuma. Fundi mkuu aliitazama bolti iliyopinda kwa muda mrefu, akasema, "Ssebo (bwana), hapa tulikosea sisi," akachomelea sikio jipya kwenye mguu wa nyuma siku hiyo hiyo na kufunga bolti ya milimita 10 yenye alama ya uimara ya 8.8, nati ya kujifunga na pini. Tangu hapo naweza kubana breki kwenye mteremko huo huo na uma ukabaki mtulivu. Lakini niliyejaribu kwanza nilikuwa mimi, barabarani, na jambo hilo sikulikubali wala sitalikubali. Mtu akiwapa kazi, awatake wamchoree breki ukutani pamoja na roka, kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Gharama yote ilikuwa shilingi 1,400,000 pamoja na bomba, bushi na rangi, na kazi ilichukua wiki saba badala ya nne tulizokubaliana. Kwa bei hiyo nimeridhika, na uma wa pikipiki ya ndugu yangu nimeshaupeleka kwao.

Wiki iliyopita, baada ya kilomita 3,000, nilifungua pini zote na kuzipima kwa kalipa. Bushi tatu bado zina uwazi wa milimita 0.05 kati yake na pini, ule ule wa siku ya kwanza. Ya nne, upande wa breki, imefika 0.12. Fundi amesema niilete itakapokaribia 0.20, na tayari amenikerezea ya akiba, ambayo naibeba chini ya kiti ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chenye grisi.