Buti za mtumba za Gikomba kwa safari ya Lenana

Ukitafuta buti za ngozi za kupandia mlima Nairobi, soko la Gikomba bado ndiko kwenye mali. Fika asubuhi marobota yakifunguliwa, kwani kamera, yaani mali bora kabisa, huondoka mapema. Ila buti zikishasuguliwa na kupakwa rangi zinang'aa zote, na mnunuzi anakagua ngozi huku ubovu uko kwenye soli ya kati, tabaka lililo kati ya soli ya chini na ngozi.

Soli hiyo mara nyingi ni povu gumu la poliyurethani. Unyevu wa hewa hulivunja polepole hata kiatu kisipovaliwa, na baada ya miaka kumi hivi laweza kumeguka kama mandazi ya juzi. Kwa hiyo buti iliyolala kabatini, meno ya soli bado makali, inaweza kuwa mbaya kuliko iliyotembezwa. Na haimegukii mjini. Itakuachia kwenye changarawe iliyoganda juu ya kambi ya Shipton's, Mlima Kenya, saa kumi alfajiri, ukielekea kilele cha Lenana, mita 4,985.

Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa gumba. Ikitoa unga, ikibaki na shimo au ikionyesha nyufa nyembamba, irudishe. Kisha kunja kiatu kwa nguvu mara kadhaa ukitazama inapoungana na ngozi. Muuzaji akikukataza kukunja, nenda kibanda kingine.

Namba ya saizi usiiamini, maana ya Uingereza, Ulaya na Marekani zimechanganyika. Nenda na soksi nene. Kabla ya kufunga kamba, sukuma vidole hadi mbele. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Wengi hushuka kutoka Lenana hadi kambi ya Old Moses siku hiyo hiyo, karibu mita 1,700 za mteremko, na kiatu kinachobana huua kucha.

Mafundi wa viatu sokoni ni hodari, lakini dai soli ishonwe mzunguko mzima, si gundi tupu. Povu likishaoza hata uzi hauna pa kushika, basi usipoteze pesa. Matundu ya sindano pia hupitisha maji: kwa njia ya Sirimon yanavumilika, kwa kinamasi cha njia ya Naro Moru hapana.

Zijaribu Mlima Longonot kwanza, mzunguko wote wa ukingo wa kreta, ukiwa na mzigo mgongoni. Ukirudi, rudia kipimo cha ukucha.