Viraka vya maandishi: uzoefu wangu na programu ya patch

Natunza mfumo wa stoo wa maduka ya vipuri pale Kariakoo. Kila duka lina marekebisho yake ndani ya faili lile lile la mipangilio, kwa hiyo mwenzangu wa Mwanza akituma faili zima, marekebisho ya duka yanafutika. Siku hizi tunatumiana kiraka tu, yaani faili dogo lenye mabadiliko peke yake, na hata bando la kupimia linatosha.

Kiraka kinatengenezwa kwa diff -u, amri inayolinganisha faili la zamani na jipya, na ni maandishi matupu. Mstari wenye alama ya kutoa unaondoka, wenye alama ya kujumlisha unaingia, unaoanza na nafasi tupu haubadiliki. Hii ya mwisho ndiyo iliyonivutia. Diff huweka mistari mitatu ya namna hiyo juu ya badiliko na mitatu chini yake, basi hata duka likiwa limeongeza vitu vyake kule juu, patch, programu inayoingiza kiraka kwenye faili, haing'ang'anii namba ya mstari. Inatafuta mistari inayofanana, inaweka badiliko, kisha inakuambia mahali pamesogea kwa mistari mingapi. Pasipopatikana, kipande hicho cha badiliko inakiweka kwenye faili la .rej ukashughulike nacho mwenyewe. Mwandishi wa programu Larry Wall aliitoa patch mwaka 1985, kabla ya lugha yake ya programu, Perl, na kwa kazi yangu sijaona cha kuipiku.

Ila ina upole usionipendeza. Ikikosa mechi kamili, kwa kawaida iko tayari kupuuza hadi mistari miwili ya pembeni. Kwenye faili la bei sitaki makisio, naongeza -F0 ili isipuuze mstari hata mmoja. Git apply, amri ya kuweka viraka iliyo ndani ya programu ya Git, ni kali zaidi, haikisii hivyo. Vyovyote vile, ukitumia patch tanguliza --dry-run uone matokeo kabla faili halijaguswa. Ukijuta baadaye, -R pamoja na kiraka kile kile inaondoa mabadiliko yake.

Kero kubwa ni nafasi tupu. Kiraka kikibandikwa ndani ya meseji, nafasi za mwanzo wa mstari zinaweza kupotea, na hapo kimeshakufa. Kitume kama faili. Windows nayo humaliza mistari kwa namna yake tofauti na Linux, na macho hayaoni tofauti hiyo, utabaki unakuna kichwa.

Kwa picha na majedwali ya Excel usijisumbue, maana faili zake si maandishi matupu. Hayo bado natuma mazima, na bando linaliwa.