Kipupwe kinabisha hodi: jiko la mkaa au hita?

Juni hadi Agosti, Njombe na Makete huamkia sakitu kwenye nyasi, na Mbeya nako si haba. Jiko la mkaa halina masharti: mkaa upo gengeni, na chai inachemka hapohapo. Shida ni kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Haionekani wala hainuki, na hutoka hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Ukilala nalo umefunga dirisha, huenda usiamke. Hita ya wati 2,000 inakula yuniti 2 za LUKU kwa saa ikiwa imewaka muda wote, na umeme ukikatika mnabaki na baridi yenu. Bado nachagua hita: nusu saa kabla ya kulala, kisha izimwe, blanketi zito lifanye kazi. Jiko lipikie nje.